Kisima cha Yeyo kwa Semista Mbili

Watu wengine digrii yao iko kwa ukuta, ndani ya fremu, kando ya picha ya harusi. Yangu iko kando ya barabara ya Namanga na imejengwa kwa mawe. Ukitoka Kitengela ukielekea Kisaju kuna nyumba ya ghorofa yenye geti ya bluu. Hiyo ni semista yangu ya kwanza. Ile inaifuata, yenye mbwa mbaya, ni semista ya pili. Mwaka wa pili wote uko chini ya kanisa ya mabati na nyumba za kukodisha, na nasikia vyoo vya hizo nyumba hufurika kila mvua ikinyesha. Mimi sishangai. Hata huo mwaka wenyewe nilipata alama mbaya.

Hivyo ndivyo tulikuwa tunalipa karo. Miaka ya tisini watu wa Nairobi walianza kuja na magari madogo, wanasimama kwa vumbi wameshika kiuno, wanauliza, "Mzee, hii shamba ni ya nani?" Papa alikuwa amepata yake wakati ranchi ya kikundi iligawanywa. Eka zingine zilikuwa zimeenda na hospitali, zingine na kiangazi, zingine na mambo ya kaka yangu kuoa. Lakini bado zilikuwako, na ikatokea kwamba kipande cha futi hamsini kwa mia kilikuwa karibu sawa na karo ya semista moja ukiongeza chumba na chakula. Sijui nani alipanga hiyo bei. Papa hakuwa anahesabu shilingi wala miaka. Nikirudi likizo swali lake lilikuwa moja.

"Umebakisha ploti ngapi?"

"Nne, Papa."

"Soma haraka."

Kwa mtihani wa kidato cha nne nilianguka pointi mbili chini ya wale ambao serikali ilikuwa inawalipia. Bahati mbaya, wakati huo vyuo vilikuwa vimefungua mlango wa pili, wa wale wanajilipia, na huo mlango haukuwa na maneno mengi na pointi. Ulikuwa unauliza tu baba yako ako na nini. Uhandisi wa barabara ulinikataa, wa stima ukanikataa, nikaona mahali pameandikwa uhandisi wa baolojia na nafasi zimebaki. Nikafikiria, hapa nitatoka daktari na injinia kwa pesa moja.

Nyumbani nikawaambia ni uhandisi ya vitu viko hai. Papa akabeba hiyo habari mpaka soko ya Kajiado, na ikafika huko imenona.

"Kijana yangu anasomea kutengeneza ng'ombe," aliwaambia wazee.

Kaka yangu mkubwa alikuwa hapo na ng'ombe wetu wa kuuza. Akasema, "Ng'ombe hutengenezwa na fahali, Papa. Na hailipwi karo."

Kaka hakuwahi kuenda shule. Papa alikuwa ametuangalia tukiwa wadogo akasema yule mwepesi wa mdomo aende darasani, yule mwepesi wa miguu abaki na mifugo. Alichagua vizuri sana kama unatafuta mdomo. Akili ilikuwa imebaki na ng'ombe.

Basi nikaingia chuo. Tulikuwa darasa ya watu hamsini na kitu. Wasichana walikuwa saba, na lekchara wa kwanza aliwahesabu kwa kidole kama mtu anahesabu mbuzi jioni, akasema akipata watatu mwisho wa mwaka atashukuru. (Saba waliingia, saba wakamaliza. Waliopotea njiani ni sisi wanaume.) Wengi walikuwa wametoka huko juu kwenye chai na kahawa, wengine upande wa ziwa, shule zao zilikuwa na maabara zenye gesi na mabomba. Shule yangu maabara ilikuwa kabati moja, na funguo ilikuwa na mwalimu aliyehama. Kutoka Kajiado tulikuwa wawili tu: mimi, na msichana mmoja wa Ngong ambaye baba yake alikuwa anauza maharagwe na mahindi sokoni.

Wale wa serikali walikuwa wanapata mkopo. Siku pesa inaingia wananunua viatu na redio, na wiki mbili baadaye wanakula chapati kavu. Sisi wa kujilipia walituita watoto wa matajiri. Mmoja wao aliniuliza baba yangu hufanya kazi gani. Nikamwambia huuza ploti Kitengela.

"Si nilijua," akasema. "Na hunisalimii hata na soda."

Nikamnunulia soda. Kuliko kumwambia kwamba Papa anauza ploti vile mtu huuza blanketi yake, nilinunua soda.

Miaka minne sikuona ng'ombe. Naapa. Nilikuwa nimeenda na gambuti. Tulisoma hesabu, tukasoma udongo, tukasoma maji inapita namna gani kwa bomba, tukachora gia za trakta mpaka nikawa naziota. Siku moja nikasikia leo ni somo la nyumba ya mifugo, nikakaa mbele. Lekchara akachora duara kwa ubao. Akasema, "Hii ni ng'ombe." Akachora mishale, joto inatoka hapa, joto inaingia hapa.

Nikainua mkono. "Bwana mwalimu, na miguu?"

Darasa ikacheka mpaka watu wakapiga meza. Lekchara mwenyewe akacheka. Hiyo ndiyo siku nilipata kazi yangu pale chuoni, na niliifanya kwa bidii kuliko ile iliyonipeleka. Watu walikuwa wananiwekea kiti. Kama mhadhara ni mgumu wananiangalia, niseme kitu. Na mimi ningeacha aje? Kwa kuelewa nilikuwa wa mwisho, kwa kuchekesha nilikuwa wa kwanza.

Yule msichana wa Ngong hakucheka. Alichora duara kwa daftari yake, akaweka mishale yote. Tulipotoka akaniambia, "Baba yangu anapima maharagwe kilo kwa kilo ndio nikae hapa. Yako anapima nini?"

"Eka," nikasema. Hata hiyo nilidhani ni mzaha mzuri.

Ile somo ya maji kupita kwa bomba nilianguka mara tatu. Sikuanguka kwa sababu ya njaa au ugonjwa, maana najua mtu akisimulia hivi watu hungoja awaambie alikuwa na shida. Sikuwa na shida. Nilikuwa nalala asubuhi, nacheza pool mchana, na usiku naiga sauti za malekchara kwa hosteli. Mwisho wa mwaka wa nne wakabandika orodha ya wanaoendelea na mwaka wa tano. Nikatafuta namba yangu kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Yule wa Ngong alikuwa amesimama nyuma yangu, yake ilikuwa ya sita.

"Miaka minne ya kusoma ubao," akasema polepole, "na umeanza leo?"

Huo mzaha wake ulikuwa mzuri kuliko yangu yote. Barua nilipewa siku hiyohiyo ofisini: nimeondolewa, na hakuna kurudi.

Nilienda nyumbani kusema. Nataka ieleweke hivyo, nilitoka na nia.

Sasa niseme juu ya kisima. Kwa shamba, ukiondoa mahali manyatta imesimama, kulikuwa kumebaki eka moja huko chini penye mto hukauka. Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya, Yeyo, yaani mama yetu, alienda hapo na wanawake wengine wawili na jembe na karai. Papa aliwaambia wanachimba kaburi zao. Walichimba wiki nyingi, udongo wanautoa kwa kamba, na wakapata maji. Yeyo akakijengea mawe ndani, akakizungushia miiba. Ng'ombe wetu walikuwa wanakunywa hapo, na majirani, na hata mbuzi wa watu hawatusalimii. Hakuna kitu kingine kwa hiyo shamba kilikuwa chake. Ng'ombe ni za Papa, nyumba ilikuwa yake kwa sababu aliijenga lakini ilikuwa imesimama kwa shamba ya Papa. Kisima ndicho watu walikuwa wanaita kwa jina lake.

Nilifika Jumamosi mchana. Papa alikuwa ameketi nje na mtu wa koti na viatu safi, wanakunywa chai. Nikainamisha kichwa, Papa akanigusa utosini.

"Ndio huyu," akamwambia yule mtu. "Huyu ndiye anamaliza."

"Hongera, kijana," yule mtu akasema. "Baba yako amenieleza. Ng'ombe, eh?"

Alikuwa mnunuzi. Walikuwa wameelewana tayari: eka ya kisima, kwa semista mbili na sherehe ya kumaliza. Iko mbali na barabara, kwa hivyo bei yake haikufika ya zile zingine, lakini ilitosha kabisa. Alichotaka yeye ni maji.

Yeyo alikuwa amesimama kwa mlango na birika. "Na ng'ombe watakunywa wapi?" akauliza.

"Huyu akimaliza atakuchimbia visima kumi," Papa akasema, akanigeukia. "Ama namna gani?"

Wote watatu wakaniangalia. Barua ilikuwa kwa mfuko wa nyuma, nilikuwa nimeikalia. Nikafungua mdomo.

"Kumi na moja, Papa."

Mnunuzi akacheka mpaka chai ikamwagika kwa viatu yake safi.

Bado kulikuwa na bodi ya ardhi. Huko kwetu mzee hawezi kuuza shamba peke yake, lazima aende na bibi na watoto wakubwa mbele ya bodi, waseme wanakubali. Ilikuwa imewekwa kwa sababu watu walikuwa wanajua shamba imeuzwa siku trakta imekuja kubomoa jikoni. Kwa hivyo siku ya bodi tukaenda Kajiado, Papa, Yeyo, kaka, na mimi na suti ya kuazima. Nje kulikuwa na benchi ndefu imejaa familia kama sisi: wazee wamevaa vizuri, akina mama wamenyamaza, wanunuzi wamesimama kando na bahasha.

Tukaitwa. Bwana D.O., yule mkubwa wa serikali wa tarafa, alikuwa katikati, wazee wa bodi pande zote mbili. Alimuuliza Papa, Papa akasema ni karo. Alimuuliza kaka, kaka akasema, "Kama ndiyo ya mwisho." Halafu Yeyo.

"Mama, unajua hii eka inauzwa?"

"Najua."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Unakubali?"

Yeyo akanigeukia mimi, akaanza kuongea Kimaasai.

"Mama, ongea na bodi," D.O. akasema.

Mzee mmoja wa bodi akamwambia, "Wacha aulize mtoto wake. Hiyo ndiyo bodi yake."

Akaniuliza. Aliniuliza polepole, kama mtu anaweka kitu chini kisivunjike: "Hiyo kitu unasomea, utaimaliza? Niambie tu. Chenye utasema nitaamini."

Kalamu ya D.O. ilikuwa imesimama hewani. Neno moja tu lilitakiwa, hata kutikisa kichwa kungetosha. Papa angenipiga na fimbo hapohapo, mnunuzi angeenda zake, na jioni ng'ombe wangekunywa. Lakini chumba chote kilikuwa kinaningoja, unaona, na mimi nikingojewa na watu huwa najua kitu kimoja tu cha kufanya.

"Yeyo," nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili ili wote wasikie, "nisipomaliza, nifungeni kamba mnipeleke kisimani na ndama."

Wazee wa bodi walicheka. Mmoja aligonga fimbo sakafuni. D.O. alitabasamu huku anaandika. Yeyo hakucheka, lakini nilimwona amepumua.

"Nakubali," akasema.

Akaweka kidole gumba kwa wino, akaweka kwa karatasi. Hakukuwa na kitambaa cha kupangusa, kwa hivyo akapangusa kwa mkono wa suti yangu. Mwenye suti alinidai miezi mitatu.

Papa alinihesabia pesa ya mwaka mzima mkononi. Nikaipeleka Ngong nikakodisha chumba. Nilijiambia nitaizalisha, halafu nitawaeleza nikiwa na kitu. Nikanunua vifaranga mia moja. Mhandisi wa baolojia, wa karibu mwaka wa tano, niliweka jiko ya makaa kona moja na vifaranga kona ingine, na asubuhi ya tatu nikaokota themanini na mbili, wamelaliana wamekauka kama soksi. Waliobaki nilikula. Halafu nikarudi kwa pool.

Kaka alinipata huko. Alikuwa ameleta fahali wawili soko ya Ngong, amepita mbele ya hiyo nyumba ya pool saa tano asubuhi, akaniona kwa dirisha nimeinama na fimbo. Akaingia na shuka yake na rungu, wachezaji wakatoka njia.

"Hii ni darasa gani?" akauliza.

"Ya vitendo."

Hakucheka. Alingojea mpaka nikaweka ile fimbo chini.

"Walikutoa lini?"

"Kitambo."

"Kabla ya Kajiado ama baada?"

Nikaangalia mpira mweusi. "Kabla."

"Kabla," akasema. Akakaa kwa ukingo ya meza, mwenye meza akaogopa kumwambia ashuke. "Huyo mtu ameweka waya na kufuli. Mimi hunywesha ng'ombe Kisaju siku hizi. Tunatoka alfajiri tunarudi giza. Ndama wawili wameanguka njia. Nikiwachinja nilikuwa najiambia si kitu, kuna mtu anamaliza." Akaamka. "Chukua pesa yenye imebaki. Utamwambia Yeyo mwenyewe, na mimi nitakuwa nimesimama hapo nisikie kama utachekesha."

Yeyo alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa na kijiti cha moto wakati nilimwambia. Papa hakuwako, alikuwa ameenda kwa rika yake. Nilisema yote kwa pumzi moja, orodha, barua, Ngong, vifaranga. Yeye akaendelea kusugua, ndani ya kibuyu kunalia kwaru, kwaru, mpaka nikanyamaza. Akauliza, "Imebaki pesa ngapi?"

"Nusu. Karibu nusu."

"Lete."

Akaifunga kwa kitambaa, akatoka, mimi na kaka nyuma yake. Mnunuzi tulimpata kisimani anamwonyesha fundi mahali pa kuweka pampu. Alitukaribisha vizuri, si mtu mbaya. Yeyo akafungua kitambaa akamwekea pesa kwa ukuta wa mawe, mawe yake mwenyewe. Akamwambia achukue hiyo, na ingine tutaleta pole pole, arudishe eka.

"Mama," yule mtu akasema, "mimi nakuonea huruma. Lakini si ulikubali? Mbele ya bodi. Nilikuwa hapo. Walikuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu," Yeyo akasema. "Ya tatu nikauliza huyu."

Yule mtu akaniangalia, na nikaona uso wake umefunguka, amenikumbuka.

"Si ndiye alisema afungwe kamba na ndama!" Akaanza kucheka tena, upya, kama ni jana. Fundi akataka kuelezwa, akaelezwa, akacheka yeye pia. "Huyu kijana ni hatari. Mama, maji nitakuuzia bei ya jirani. Usijali."

Yeyo akakusanya pesa yake. Tuliporudi nyumbani aliniambia maneno machache, na ndiyo ya mwisho aliwahi kuniambia juu ya hiyo mambo. "Papa yako usimwambie. Amekwisha uza. Wacha akae na kitu."

Nilidhani ni huruma. Ilinichukua muda kuona hiyo huruma haikuwa yangu.

Kwa sababu kutoka siku hiyo, mgeni akija, chai ikishamiminwa, Yeyo alikuwa anasema, "Mweleze mgeni vile ulisoma." Mbele ya Papa. Na Papa anafunga macho kusikiza vizuri. Ningefanya nini? Nilieleza. Nilieleza joto ya ng'ombe, nilieleza udongo, nilieleza gia. Nikijaribu kuweka mzaha ndani, anaingilia kati, "Hapana, mweleze vizuri. Mweleze maji inapita aje kwa bomba." Na mimi naeleza, nakosea palepale nilikosea mara tatu, mgeni anatikisa kichwa, na Yeyo ananiongeza chai. Kaka alikuwa anatoka nje. Miaka sita tulifanya hivyo. Cheti kilikuwa kinachelewa, ndivyo tulimwambia Papa, ofisi za serikali unazijua. Kazi nilikuwa nayo: nilikuwa napanga mawe kwa lori huko Kitengela, na Papa aliwaambia watu niko kwa ujenzi.

Papa alikufa bila kuambiwa. Kwa mazishi kulikuwa na watu wengi, na mhubiri akasoma maisha yake kutoka kwa karatasi: amezaliwa, ameoa, amepata shamba, ameacha vijana wawili, mmoja mfugaji na mmoja injinia wa chuo kikuu. Nikamwangalia kaka. Yeye hajui kuandika. Karatasi iliandikwa na mtoto wake wa shule, na aliyekuwa anamwambia aandike nini ni Yeyo.

Mhubiri akainua macho. "Huyo injinia asimame, watu wamwone."

Yeyo alikuwa ameketi mbele kabisa, kando ya sanduku. Hakugeuka. Nikangojea kidogo aseme kitu, hata akohoe.

Nikasimama. Wakanipigia makofi.